Namna ya Kushindwa Kula Vibichi kwa Heshima Mjini Bujumbura

Umeshatangaza, na neno likishatoka halirudi. Ulisema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mbele ya mashangazi na mabinamu wote, kwamba kuanzia Jumatatu hutakula tena kitu kilichopita motoni. Binamu wa Brussels alikuwa ametuma picha: ngozi inang'aa, kiuno kimerudi, mkononi ana glasi ya kitu cha kijani. Wewe nawe una kioo nyumbani. Nakuelewa kabisa, wala huna haja ya kujitetea kwangu.

Leo ndiyo Jumatatu yenyewe. Ni saa nne asubuhi, umeshatafuna karoti mbili na nusu ya tango, na jirani yako hapo Buyenzi ameanza kukaanga vitunguu. Nisikilize. Ukifuata sheria yote hutafika Ijumaa, na mimi sitaki ufike, kwa sababu katika mji huu mlo wa vibichi vitupu unaweza kukudhuru kweli. Nataka ushindwe mapema, ushindwe vizuri, ubaki na yale uliyokuwa unayatafuta: ngozi, kiuno na sifa. Njoo nikuonyeshe njia.

Hatua ya 1. Isome sheria, maana mwanya umo ndani yake.

Sheria ya wala vibichi inasema chakula kisipate joto la kuzidi nyuzi 48 hivi. Wakali zaidi wanashuka hadi 40. Wanadai kwamba zaidi ya hapo vimeng'enya vya chakula hufa na uhai wake huondoka navyo. Usigombane nao juu ya vimeng'enya, ingawa asidi ya tumbo lako mwenyewe huvivunja vingi kati ya hivyo kabla havijafanya kazi yoyote. Wewe tafuta kifungu kinachokufaa. Wengi wao humhesabu mtu kuwa mla vibichi akifikisha robo tatu ya chakula chake. Robo tatu tu! Robo iliyobaki ni mali yako halali, na sufuria ya jioni inaenea humo bila kubanwa.

Sasa amua utaipima robo hiyo kwa nini. Pima kwa uzito, usipime kwa nguvu ya chakula hata siku moja. Tango ni maji kwa asilimia 95, na kilo nzima ya matango ina kalori 150 tu hivi, wakati avoka moja kubwa inakupa mara mbili ya hizo. Kwa hiyo kula kilo moja ya matango, tikiti na maembe mchana kutwa, halafu usiku kula gramu 330 za ugali na maharage. Mizani yoyote ya soko la Ruvumera itakutetea: robo tatu mbichi, robo iliyopikwa. Hujadanganya mtu. Umechagua mizani.

Dhamiri ikikusumbua, mkumbuke mzee wa njia hii. Daktari Maximilian Bircher-Benner alifungua sanatoria yake mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1904, akawa anawalisha wagonjwa matufaha yaliyokunwa pamoja na oti na karanga za kwao. Bakuli lake mashuhuri, ambalo leo linauzwa duniani kote kwa jina la muesli, lilitiwa maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Maziwa ya kopo huchemshwa kiwandani. Ikiwa yeye aliyepigia debe vibichi kuliko wote alijiruhusu kijiko cha kilichopikwa, wewe wa Buyenzi utanyimwa na nani?

Hatua ya 2. Lipunguze tangazo taratibu.

Wiki ya kwanza ulisema, "Sili kilichopikwa." Wiki ya pili sema, "Nakula zaidi vibichi." Ya tatu, "Siku hizi nazingatia sana matunda." Hakuna atakayekuuliza lini ulihama kutoka sentensi moja hadi nyingine, kwa sababu kila mtu kwenye kundi lile anafikiria kiuno chake, si chako. Jambo moja tu: usirudi nyuma kwa sentensi mbili siku moja. Hapo ndipo shangazi mmoja atakaposhtuka.

Hatua ya 3. Nenda sokoni kama mtu anayejua anachokitaka.

Hapa una bahati kubwa kuliko binamu wa Brussels. Yeye hununua embe moja kwa bei ambayo wewe ungepata ndoo, tena limechumwa bichi na kusafirishwa kwa ndege. Wewe unaishi katika bonde la Imbo, kando ya Tanganyika, mahali ambapo jua halichoki. Tangu soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara imesambaa: kuna Ruvumera, kuna kwa Siyoni, kuna Kinama, na kuna akina mama wenye mabeseni kila kona. Maembe na mapapai yanatoka huku huku bondeni na pande za Rumonge. Karoti, kabichi na liki zinashuka kutoka Bugarama, kule juu milimani kwenye baridi.

Nunua avoka kabla ya kitu kingine chochote. Kila gramu 100 za avoka zina kalori 160 hivi, nyingi zikitokana na mafuta mazuri, na hiyo ndiyo itakayokuzuia usimgombeze mtu saa saba mchana. Muuzaji akikuuliza unataka ya leo au ya kesho, chukua mbili za leo, mbili za kesho na mbili za keshokutwa. Kisha ndizi mbivu ndogo, nanasi, marakuja, mapera. Chukua na ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai: wageni huyatazama na kuuliza ni nini, nawe utapata nafasi ya kueleza kwa utulivu wa mtaalamu.

Majani ya saladi nunua kidogo. Ya picha.

Hatua ya 4. Osha, na kisichooshika kimenye.

Punguza mwendo hapa, maana nisingependa ushindwe ukiwa hospitali. Kipindupindu si hadithi kwetu. Kinarudi mara kwa mara katika nyanda hizi za Ruzizi na ufukwe wa ziwa, na tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko uliougusa mji huu wenyewe. Vijidudu vyake hufa vikichemshwa. Moto ambao mlo wako mpya unaukataa ndio mlinzi aliyekuwa anasimama kati ya tumbo lako na maji machafu yaliyomwagiliwa mboga.

Kuna na mayai ya tegu wa nguruwe. Watu wengi, hasa sisi wa Buyenzi, hudhani jambo hilo haliwahusu kwa kuwa hawagusi nguruwe. Linawahusu. Mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo na kufika kwenye majani ya bustani. Mtu ambaye hajala nguruwe maisha yake yote anaweza kuyameza kwenye saladi, yakaishia ubongoni na kumletea kifafa.

Kwa hiyo weka mkazo wako wote kwenye vitu vyenye ganda: embe, avoka, nanasi, ndizi, papai, chungwa. Osha ganda kabla ya kukata, maana kisu hubeba uchafu wa nje kuupeleka ndani. Nyanya, karoti na matango yaloweshe kwenye maji yenye dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yasuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Naam, umesikia: maji yaliyochemshwa. Kila mla vibichi mwenye akili mjini hapa ana sufuria iliyofichwa nyuma ya mlango, na huu si udhaifu.

Na majani ya saladi? Yapange kwenye sahani, weka embe juu yake, piga picha, tuma Brussels, kula embe.

Hatua ya 5. Jua visivyoliwa vibichi hata kwa sifa.

Unaweza kudanganya kundi la ukoo. Usiidanganye mihogo.

Muhogo una viini vinavyozaa sianidi pale chembe zake zinapovunjika. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini waliumenya, wakauloweka siku kadhaa mpaka ukalainika, wakauanika, wakautwanga, ndipo wakausonga. Kila hatua ilikuwa inatoa sumu: maji yanaichukua, hewa inaibeba. Penye njaa na haraka, hatua hizo zilipokatwa, watu walilipa kwa miguu yao. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miaka hiyo ya 1980 ulionekana pia Tarime, Tanzania. Miguu ikikakamaa kwa konzo hairudi kama ilivyokuwa. Najua wapo wanaotafuna muhogo mtamu mbichi njiani na hawapati neno. Wao wanalijua shamba na wanaijua mbegu. Wewe unayeuona umerundikwa sokoni huwezi kutofautisha mtamu na mchungu kwa macho, kwa hiyo uache.

Sombe ni majani ya muhogo huo huo, na yana sumu ile ile. Yatwangwe sana, yachemshwe sana, sufuria ikiwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke. Mtu akikupa wazo la kusaga sombe mbichi kwenye blenda na ndimu, mshukuru, chukua glasi, uimwage.

Maharage ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu Mrundi bila maharage ni nani? Mekundu mabichi yana lektini, sumu ambayo hata punje nne au tano zinatosha kukutapisha ndani ya saa chache. Kuyaotesha hakutoshi. Kuyapasha moto kidogo ili usivunje sheria ni kubaya zaidi: yakikaa kwenye nyuzi 80 bila kuchemka, sumu inaweza kupanda hadi mara tano kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo hakuna nusu njia. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji, tia mapya, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha endelea mpaka yalainike. Maharage yakichemka ipasavyo yameivunja sheria moja kwa moja, na hapo umeshinda.

Magimbi mabichi, yale tunayoyaita amateke, yatakuwasha ulimi na koo mpaka ujute. Viazi vibichi na ndizi mbichi tumbo halivimudu vizuri. Wanga wake hupita bila kukupa nguvu uliyoitarajia, lakini gesi utaipata yote.

Ndagala nimewaweka mwisho kwa sababu wana mwanya mtamu. Ndagala wakavu wameanikwa juani ufukweni, na hewa ya Bujumbura haifiki nyuzi 40. Kwa sheria ya wala vibichi, samaki huyu hajapikwa! Itumie hoja hiyo kwenye mazungumzo, itakupa heshima ya mtu anayefikiri. Kisha mwoshe mchanga, mkaange na nyanya na kitunguu, umle ndani ya robo yako. Amelala mchangani na nzi wamemtembelea. Anahitaji moto, nawe unamhitaji yeye kwa sababu nitakayoitaja baadaye.

Hatua ya 6. Wataje sokwe.

Siku moja utabanwa na mtu mwenye hoja: "Lakini wanyama wote hula vibichi, na hawaugui." Usitetereke. Shuka naye ukingoni mwa ziwa kwa maneno: Rumonge, Nyanza-Lac, vuka mpaka, na kabla hujafika Kigoma uko Gombe. Pale Jane Goodall aliingia mwezi Julai 1960 na kuanza kuwachunguza sokwe. Miaka ya 1970 akafika kijana wa Kiingereza, Richard Wrangham, ambaye baadaye alihamia kwenye sokwe wa msitu wa Kibale, Uganda, na mwaka 2009 akatoa kitabu kizima kueleza kwamba kupika ndiko kulikotufanya tuwe binadamu. Alionja vyakula vya sokwe akakuta vingi vichungu, vigumu, vyenye nyuzi tupu. Na alichokitilia mkazo ni hiki: sokwe hutafuna takriban saa sita kila siku.

Hoja yake naiamini. Taya zetu ni ndogo, meno yetu ni madogo, utumbo wetu ni mfupi kuliko ambavyo mnyama wa ukubwa wetu angehitaji ili aishi kwa majani na matunda ya porini. Kazi ya kutafuna na kusaga tumeikabidhi sufuria, na muda tuliookoa tumeutumia kulima, kufanya biashara na kukaa barazani. Binamu wa sokwe hao wako kwetu pia, kwenye msitu wa Kibira. Mwambie rafiki yako akawatazame. Mwulize kama yeye ana saa sita za kutafuna na bado afike kazini.

Baada ya maneno hayo utaweza kula ugali mbele yake, tena yeye ndiye atakayekupakulia.

Hatua ya 7. Jipange kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mchana utaushinda. Kuna joto, hamu ya chakula kizito ni ndogo, nanasi lina maji na utamu. Adui ni saa kumi na moja, moshi wa brosheti za mbuzi unapoanza kupanda mtaani na mchomaji anapopepea makaa bila huruma. Hakuna azimio la Jumatatu linalohimili moshi huo, na usijilaumu.

Kula avoka nzima saa kumi. Mwenye avoka tumboni huagiza brosheti moja. Asiye nayo huagiza nne na ndizi za kukaanga juu. Ukifika, agiza kwanza sahani kubwa ya kachumbari, nyingi kuliko wenzako wote, uikamulie ndimu. Picha ipigwe sasa hivi, kabla mbuzi hajafika. Kisha kula bila haraka na bila kujificha uso, maana mtu anayekula kwa hofu ndiye anayetazamwa.

Ukipelekwa Saga Plage kula mukeke wa kuchoma, chagua kiti kinachotazama ziwa na milima ya Uvira ng'ambo. Wanaopita nyuma yako wataona mgongo wa mtu anayeburudika na upepo. Kwa kawaida mukeke huja na ndimu na kitunguu kibichi, na robo tatu zako unaweza kuanza kuzikusanya hapo hapo. Lakini aive mpaka kwenye mfupa. Samaki wa kuchoma nje na mbichi ndani mrudishie mpishi kwa adabu.

Hatua ya 8. Ukiwa kwa mama mkwe, sheria zote zimesimama.

Sikushauri kabisa ujaribu kueleza nyuzi 48 kwa mama mkwe. Amewasha mbabula tangu asubuhi, amechagua ndagala mmoja mmoja, lengalenga amezipika kwa mawese ya Rumonge, ugali umefunikwa usipoe. Ukikataa sahani hiyo hujakataa chakula, umemkataa yeye, na habari itafika mitaa yote kabla hujafika kwako.

Fanya hivi. Peleka mananasi mawili mazuri. Yaombee kisu mapema, yakate mwenyewe, yagawe kwa wote kabla ya chakula. "Karibu mama, tuanze na hili, linafungua hamu." Ukishakula vipande vyako vitano, mizani yako imetulia na mama ana kitu cha kusifia kwa majirani: mkwe wake haji mikono mitupu. Sahani ikija, kula. Akikuuliza, "Mwanangu, mbona nilisikia siku hizi huli vya moto?" mjibu: "Mama, vya wengine. Vyako sijawahi kuviacha."

Na mawese yale yana kazi. Lengalenga, karoti na nyanya zina viini vya rangi ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A au kuvitumia kwa ulinzi wake, na hutoka vizuri zaidi mboga zikipikwa na mafuta kidogo kuliko zikitafunwa mbichi. Moto huharibu vitamini C, hilo kweli, na ndiyo maana nanasi lilitangulia.

Hatua ya 9. Vinywaji si chakula.

Hukusema chochote kuhusu kunywa, ulisema kula. Kahawa ya Burundi, iliyokaangwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, inabaki mezani. Chai ya maziwa vivyo hivyo, na maziwa yachemke. Ukitaka kinywaji ambacho hata mwenye msimamo mkali atakikubali, tafuta umutobe, juisi ya ndizi mbivu zilizokandwa kwa majani mpaka zikatoa maji. Hakijaona moto. Kinywe siku hiyo hiyo na hakikisha aliyekikanda ameosha mikono na hakukiongezea maji usiyoyajua.

Hatua ya 10. Watoto, wajawazito na wazee wasiingie.

Azimio ni lako peke yako, usiliweke kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto ana tumbo dogo na anahitaji chakula kilichopikwa, laini, chenye nguvu, kila siku. Akijazwa matango atashiba maji. Uji wake, maharage yake, yai lake na ndagala wake viendelee kupita motoni hata kama wewe unang'aa kwa mapapai.

Na dada yangu unayepanga kuendelea miezi mingi, subiri kidogo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, walichapisha walichokikuta kwa watu zaidi ya 500 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu. Kadiri walivyozidisha vibichi ndivyo walivyokonda, na kati ya wanawake walio chini ya miaka 45, karibu watatu katika kila kumi hedhi yao ilikuwa imekatika au inakuja kwa kurukaruka. Hao walikuwa Wajerumani wenye friji, maduka yaliyojaa na njugu za kila aina. Mwili unaofunga mlango huo unakwambia chakula hakitoshi. Msikilize daktari, usimsikilize binamu.

Kuna pia vitamini B12, ambayo kwa kawaida huipati kwenye tunda wala jani. Iko kwenye samaki, maziwa, mayai na nyama. Ikipungua kwa muda mrefu damu inadhoofika na mishipa ya fahamu inaumia. Unakumbuka nilisema unamhitaji ndagala? Ndiyo hii.

Hatua ya mwisho. Toka kwa mlango wa mbele.

Usiache kimyakimya kama mtu aliyefumaniwa. Chagua siku nzuri, sikukuu ya uhuru tarehe 1 Julai ikiwa karibu, au Idi, au harusi ya ndugu, na uwaambie watu kwamba umemaliza hatua ya kwanza. Hakuna anayeuliza hatua ziko ngapi. Ukipenda sababu, sema umeme ulikatika na blenda ikasimama. Hapa mjini hakuna atakayetaka ushahidi.

Kisha baki na kilicho kizuri, maana kipo. Asubuhi endelea na matunda. Mchana mwingine usiwashe mbabula kabisa: makaa ni ghali, misitu inakatwa kwa ajili yake, na avoka yenye chumvi na ndizi mbili haidai hata kipande kimoja. Jioni weka sahani hivi: maharage yaliyochemka sawasawa, ugali, lengalenga kidogo, na juu yake kachumbari mbichi ya nyanya iliyooshwa vizuri, kitunguu, ndimu ya kutosha na nusu ya avoka. Hiyo ndimu si pambo. Vitamini C yake huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ambayo peke yake huyachukua kwa shida. Chai isubiri saa moja baada ya kula, kwa sababu chai huyazuia.

Miezi ikipita, binamu wa Brussels atarudi likizo, mtaketi mezani pamoja, naye atakuuliza kwa sauti ambayo wote wataisikia: "Hivi wewe bado unakula vibichi?"

Mjibu, "Kila siku, ndugu yangu," kisha msogezee bakuli la kachumbari, na umpakulie ugali wenye moto.